Tokeni Tatu: Jinsi Mita za LUKU Zilivyovushwa 2024

Mwaka 2024 wateja wa LUKU, umeme wa kulipia kabla ya kutumia, mkoani Singida, kuanzia Manyoni hadi Kiomboi, walinunua umeme wakaletewa tokeni tatu badala ya moja, kila moja na tarakimu zake 20. Maelekezo ya TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, yalikuwa mafupi: ingiza ya kwanza, kisha ya pili, ndipo uingize ya uniti. Ndani ya mita kulifanyika kazi inayostahili kuchunguzwa na kila anayeandika programu za data.

Mita nyingi haziwasiliani na kompyuta ya muuzaji. Zinapokea tarakimu tu, nazo lazima zijue zenyewe tokeni ipi mpya na ipi imeshatumika. Kiwango cha kimataifa cha STS huipa kila tokeni namba ya wakati, ambayo kabla ya zoezi hilo ilikuwa dakika zilizopita tangu 1 Januari 1993. Mita hutunza namba 50 za karibuni. Namba ikiwemo humo, tokeni imeshatumika; ikiwa ndogo kuliko zote, imepitwa na wakati. Kwa hiyo mwenye mashine ya kukamua alizeti akiingiza tokeni ya jana baada ya ile ya leo, bado itakubaliwa.

Namba hiyo ina biti 24, yaani nafasi ya dakika 16,777,216, na ilikuwa inajaa 24 Novemba 2024. Hesabu ingerudi sifuri, na mita ingekataa tokeni mpya ikidhani ni za kale. Kufuta kumbukumbu peke yake kungekuwa hatari, maana tokeni iliyotumika zamani ingepita tena. Ndiyo sababu tokeni mbili za kwanza zilibeba vipande viwili vya ufunguo mpya wa siri. Ufunguo ulibadilika, kumbukumbu ikafutwa, na tokeni za ufunguo wa zamani zikawa hazisomeki tena. Aliyekuwa na tokeni ya akiba ilimpasa aitumie kabla ya hapo. Hesabu mpya ya STS inaanzia 2014, itajaa 2045.

Programu zinazosindika mikondo ya ujumbe, kama ya miamala ya simu, zina mtihani huohuo wa kujua kipi kimeshahesabiwa. Kafka, mfumo wa kupokea na kusambaza ujumbe, huupa kila ujumbe namba ya mfuatano, na programu inayosoma huweka alama ilipofikia. Ikiweka alama kabla ya kujumlisha, kisha ikazimika, muamala unapotea. Ikijumlisha kwanza na kuzimika kabla ya alama, muamala unahesabiwa mara mbili. Flink, mfumo wa kusindika mikondo hiyo, huhifadhi alama na jumla pamoja, na programu ikianguka huvirudisha vyote viwili kama vilivyokuwa wakati mmoja.

Hatari kubwa huja siku ya kuhamia toleo jipya la programu. Mhandisi anaweza kurudisha alama nyuma ili ujumbe usomwe upya, akaiacha jumla ya zamani mahali pake. Hesabu huvimba bila kosa lolote kuonekana. Zoezi la LUKU linaonyesha utaratibu salama: maliza yaliyo njiani, badili alama na kumbukumbu kwa hatua moja, kisha ufunge njia ya yaliyokwisha kuhesabiwa. Fedha za watu zinastahili uangalifu huo.