Mwana Kupona Kitandani, Binti Yake Kando

Utendi wa Mwana Kupona tumezoea kuusoma kama somo la mke kwa mume. Wapo wanaousifu kwa adabu zake, wapo wanaoulaumu kwamba unamwinamisha mwanamke. Mjadala huo ni halali, uendelee. Mimi nataka kuuliza kitu ambacho hupitwa haraka: mtunzi alikuwa anaumwa. Kando yake alikaa nani?

Ni mwaka 1858, Siu, kisiwani Pate. Bwana Mataka, mumewe, alikwisha kufariki miaka miwili nyuma. Mwanzoni kabisa Mwana Kupona anasema maradhi yamemshika hata mwaka umetimia. Kisha anamwita binti yake, Mwana Hashima, msichana wa yapata miaka 17, akae karibu na wino na karatasi. Utendi hausemi nani alimwogesha mama wala nani alimpikia uji, lakini anayeitwa kitandani ni binti huyo. Miaka michache baadaye mama akafariki.

Nami namuuguza mama, huku Matombo, mwaka wa sita sasa tangu apate kiharusi. Sisi Waluguru ukoo unafuata mama, kwa hiyo binti kubaki na mama yake hakumshangazi mtu. Wageni wanapandisha kilima na ndizi zao, wanakaa kidogo, wakiondoka wananiambia, "Shukuru dada, hiyo ni baraka." Haya, nashukuru. Lakini usiku ule wa kumgeuza mara tatu asipate vidonda, jamani, neno "shukuru" nalo ni mzigo.

Ndiyo maana zile beti za mume nazisoma kivingine. Binti anaambiwa amkande mume, ampepee, asimwamshe akilala, amlee kama mtoto ambaye bado hajaanza kuongea. Wengi huona hapo utumwa wa ndoa, na sababu wanazo. Mimi naona pia mikono inayoijua kazi. Aliyeandika hivyo alikwisha kumhudumia mtu, tena si siku moja.

Halafu anasimulia kwamba mauti yalipomfikia mumewe, alimrudia-rudia kuwa yu radhi naye. Kwangu moyo wa utendi uko hapa. Shukrani inatoka kwa aliyehudumiwa kwenda kwa aliyehudumia. Mwana Kupona hamwambii mwenye mzigo ashukuru kwa sababu amebebeshwa. Anasema aliyebeba anastahili kushukuriwa. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa.

Kasoro ninayoiona ni kimya cha Mwana Hashima. Beti kama mia, na neno lake hata moja hatulisikii. Alichoka? Alilia jikoni? Na sisi ambao wagonjwa wetu hawawezi tena kutamka radhi, tuisubiri kwa nani?

Utendi haujibu moja kwa moja. Lakini ukielekea mwisho mama haishii kwa bintiye. Anawaita wanawake wote waje wasome. Kilichoanza kama siri ya chumba cha mgonjwa kinagawiwa mji mzima. Hapo nimepata pa kushika. Mume wa jirani yangu alipoanguka, nilikwenda kumwonyesha yule mama namna ya kumgeuza mgonjwa kwa shuka iliyokunjwa bila kujiumiza mgongo. Alinishika mikono yote miwili, akasema, "Asante, dada." Nilirudi nyumbani mwepesi kuliko nilivyotoka. Radhi ambayo mama hawezi kuisema niliisikia kwa mdomo mwingine, na nilipewa kwa sababu ya ujuzi nilioupata kwa mama huyohuyo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiufungua tena utendi huu, usikimbilie beti za mume. Kaa kwanza na zile za mwanzo, umwangalie yule msichana mwenye wino. Na kama wewe ni mshairi, mpe sauti. Jibu la Mwana Hashima ningelisoma usiku huohuo, kati ya kumgeuza mama mara ya pili na ya tatu.