Baraka ya Sekunde 15

Ukiwa Mkatoliki hapa Naro Moru, unajua baraka si kitu adimu. Padre hubariki rozari, pikipiki mpya, hata mbegu za viazi kabla ya mvua. Ndiyo maana nimezirudia nyaraka mbili zilizotikisa Kanisa, nikizisoma kama ninavyosoma hadithi: nani anaongea, na nani anaongelewa tu?

Wa kwanza ni Fiducia Supplicans, uliotolewa Vatican tarehe 18 Desemba 2023. Unaruhusu padre kuwabariki wapenzi wa jinsia moja, lakini nje ya liturujia, na bila kugusa mafundisho ya ndoa. Kelele zilipozidi, Januari 2024 Vatican ikafafanua: baraka yenyewe ni ya sekunde 10 au 15 hivi. Yaani unafunguliwa mlango, halafu unaambiwa upite haraka majirani wasikuone.

Wa pili ni jibu la maaskofu wa Afrika, lililotiwa saini na Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, 11 Januari 2024. Lugha yake imenyooka zaidi, na hilo nalipenda: hawatabariki. Wanataja Biblia, wanataja utamaduni. Kwa utamaduni ndipo ninapokwama. Manake babu zetu wa Nyeri walioa wake wengi, na hapo Kanisa halikusubiri kuambiwa utamaduni unasemaje. Huyu ni shahidi anayeitwa tu siku anapokubaliana na hakimu.

Lakini jibu hilohilo linasema pia kwamba watu hawa watendewe kwa heshima na utu. Katekisimu, aya ya 2358, inasema vivyo hivyo na kukataza kuwabagua isivyo haki. Kusema ukweli, tangu nianze kwenda Misa sijawahi kusikia aya hiyo ikihubiriwa. Ile inayotangulia, ya kukemea, tunaijua sote.

Kijana wa jumuiya anayejijua alivyo, na bado anapanga foleni ya komunyo, si lazima awe anadai harusi. Anataka kujua hiyo heshima itafanya kazi gani siku akifukuzwa kwao, au siku mtu akimtishia kwa kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, miaka 14 jela. Kumtetea hapo hakuhitaji kubadilisha hata nukta moja ya mafundisho. Kunahitaji askofu asome sentensi yake mwenyewe, kwa sauti, Jumapili, watu wakiwa wamejaa.