Mwenda Pweke katika Nathari ya Kiswahili

Katika *Safari za Wasuaheli*, mkusanyiko wa Carl Velten uliochapwa mwaka 1901, msafiri huwa na msafara, bidhaa au bwana. Hata Selim bin Abakari alifika Siberia, mwaka 1896, kwa utumishi wa Mzungu. Mwenda pweke asiyetumwa na mtu hana nafasi humo. Upungufu huu wadhihirika Eldoret. Atokaye mjini kwa miguu asubuhi ya Julai, ukungu ukifunika mahindi, akapita Rivatex, kiwanda cha nguo kilichofungwa, kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, atasimulia kwa fani ipi? Nalo neno kipupwe, jina la majira ya pwani, halitoshi kwa baridi ya yapata mita 2,100 juu ya bahari. Mwandishi hana budi kuwasikiliza kwanza wauza maziwa wa alfajiri, ndipo afungue kamusi.