Al- ya Neno Almasi

Wachunguzi wa maneno ya mkopo katika Kiswahili wamezoea kulipita neno almasi kwa haraka. Hulitia alama ya Kiarabu, wakaihesabu al- yake kuwa ni ile ya kubainisha nomino, kama tuionayo katika alfajiri, alasiri na Alhamisi. Makala hii fupi yakusudia kuonyesha kwamba hesabu hiyo si sahihi.

Ushahidi wa kwanza umo katika Kiswahili chenyewe. Tazama majina ya vito: lulu, yakuti, zumaridi, akiki, marijani, feruzi. Yote yana wenzi wao katika Kiarabu, wala hakuna hata moja lililoingia na al-. Nomino za Kiarabu kwa kawaida hutufikia zikiwa tupu (kitabu, kalamu, sahani), na zilizobakiza al- ni chache, hasa majina ya nyakati na mafungu ya dua. Kwa nini basi almasi peke yake, miongoni mwa vito, iing'ang'anie?

Haikuing'ang'ania, kwani al- hiyo ni sehemu ya shina. Asili ya mbali ya neno ni adamas la Kiyunani, ambalo kwa kawaida hufasiriwa 'kisichoshindika', na ambalo Hesiod alilitumia kwa madini magumu zamani kabla halijawa jina la jiwe. Upande wa Ulaya likazaa diamant la Kifaransa. Upande wa Mashariki, Uajemi na Uarabuni, likawa almas.

Waarabu wenyewe walihitilafiana. Ibn al-Athir, aliyefariki mwaka 1210, alidhani kwamba hamza na lamu ni za asili na kwamba neno si la Kiarabu. Firuzabadi, karne mbili baadaye, aliliweka katika Qamus chini ya mzizi m-w-s na kuhukumu kwamba kutamka almas kama neno zima ni kosa. Kwa heshima zote, aliyekosea ni yeye. Waarabu wa leo husema pia al-almas, na hapo al- ya kwanza ndiyo ya kubainisha.

Je, lilifika pwani yetu kwa kinywa cha Mwarabu, Mwajemi au Mhindi? Umbo halituamulii, kwa kuwa wote hao husema almas. Mtunga kamusi aweza kuibakiza alama ya Kiarabu kuonyesha mlango lililopitia. Ila al- asiitenge kwa kistari.