Remmy Asiyepunguzwa

Nilitoka Biharamulo kwenda Ngara nikiusikiliza wimbo mmoja kwa namna mbili. Kwanza MP3 niliyoingiziwa kwenye memori kadi na kijana wa kibanda cha kuchaji simu. Kisha FLAC niliyoitoa mwenyewe kwenye CD ya Mambo, albamu ya Remmy Ongala iliyotolewa na Real World mwaka 1992. Niseme ukweli: basi likiruka mashimo baada ya Lusahunga, sikusikia tofauti yoyote.

Usiku, gesti, na hedifoni za waya, nikaisikia. Kwenye MP3 matoazi yalikuwa kama mtu anakaanga dagaa. Kwenye FLAC ni matoazi, na kila gitaa limekaa mahali pake.

Sababu yake siyo uchawi. MP3 hukisia kile ambacho sikio halitakikosa, ikakitupa. FLAC, iliyotolewa rasmi 2001, hubana bila kutupa kitu. Ila wimbo wa dakika tano uliokuwa MB 5 unafika 25 au 30, na kwa bando zetu hizi, mmh.

Wakusanyaji wenzangu nao wananichekesha. Mambo kwa Soksi ya 1990, ambayo Radio Tanzania ilikataa kuipiga, ilizunguka kwa kaseti iliyorekodiwa kutoka kaseti nyingine. Leo mtu anachukua MP3 yake mbovu, anaigeuza FLAC, anajisifu. Ni sawa na kudurufu muhtasari wa Kusadikika kwenye karatasi ya bei mbaya halafu useme kitabu unacho. Kilichotupwa hakirudi, bwana.

Nalijua hilo kwa uchungu. Baba alikuwa na kaseti ya miaka ya tisini, aliyoirekodi kwa kuweka redio kaseti mbele ya redio nyingine. Katikati ya wimbo wa Marijani Rajab, bibi anasikika kwa mbali akiita mtu kwa Kihangaza. Mwaka 2011 niliihamishia kwenye kompyuta kwa MP3 ya kiwango cha chini kabisa, kisa flashi yangu ilikuwa imejaa. Baadaye redio ikala mkanda. Kwa hiyo mwenye kaseti, hamisha kwanza bila kupunguza; MP3 utaitengeneza wakati wowote.

Sasa bibi anasikika kama yuko ndani ya pipa. Anaita jina. Mama anasema ni langu. Shangazi anashikilia kuwa ni la marehemu kaka yake. Nimerudia sekunde hizo mara nyingi, gesti ile ile, hedifoni zile zile.