Wilson hadi Kisumu: tatizo liko Mau

Rubani wa Cessna 172 anayetoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Kisumu kwa kuongozwa na macho huanza na ripoti za hali ya hewa, METAR, za viwanja vyote viwili. Tuchukue mfano: Wilson inasoma BKN035, Kisumu BKN040. Yaani mawingu yamefunika sehemu 5 hadi 7 kati ya 8 za anga, na kitako chake kiko futi 3,500 juu ya Wilson na futi 4,000 juu ya Kisumu. Kwa anayezunguka uwanja tu, hiyo ni siku njema.

Lakini futi hizo hupimwa kutoka uwanjani, ilhali altimita na ramani hutumia usawa wa bahari. Lazima zijumlishwe na mwinuko wa uwanja. Wilson iko futi 5,500 hivi, kwa hiyo mawingu yanaanzia 9,000. Kisumu iko 3,700 hivi, basi huko yanaanzia 7,700. Ukiutazama mstari wa safari kwenye ramani, unavuka Bonde la Ufa, unapanda milima ya Mau na kupita karibu na Kericho. Sehemu za juu za Mau hufika futi 10,000. Mawingu hayo yakienea hadi huko, mlima umezama ndani yake, na kanuni inamtaka rubani abaki futi 1,000 chini ya wingu. Viwanja viko wazi, njia imefungwa.

Jambo la pili ni saa. Ripoti huandikwa kwa saa za Greenwich. 0900Z ni saa sita mchana kwetu. Mwezi Julai, Nairobi huamkia mawingu mazito yanayoinuka jua likipanda. Alasiri, upepo wa Ziwa Victoria hukwea nyanda za Kericho na Nandi na kuzaa radi na mvua ya mawe. Nafasi ya kuruka iko katikati ya nyakati hizo. Safari ni ya saa moja na nusu hivi, kwa hiyo kwenda huwezekana. Anayepanga kurudi jioni ndiye hukutana na radi.

Basi soma pia utabiri wa TAF wa saa ya kurudi, tazama picha za setilaiti juu ya Mau, na uwaulize marubani waliotoka kupita huko. Hesabu isipokuachia futi 1,000 chini ya wingu pamoja na nafasi ya kutosha juu ya mlima, ahirisha safari.