Ndoo Moja ya Maji: Ufundi wa Kuwamba Ngoma Tandahimba

Ngoma inayopasuka saa nane usiku, katikati ya mkesha wa jando, mara nyingi ilianza kupasuka siku mbuzi alipochunwa. Kisu kiliteleza, kikaacha mkato mdogo upande wa nyama. Fundi hakuuona, au aliuona akaudharau. Ngozi ikiwa laini mkato huo haukui. Ikishakauka huku imekazwa, na vijiti vikaanza kuigonga, nguvu yote ya mvutano hukusanyika kwenye ncha ya ule mkato, na ngozi huchanika hadi ukingoni. Ndiyo maana uchambuzi huu nauanzia pale anapochinjwa mbuzi. Wachongaji wa Kimakonde wanajulikana dunia nzima, na wapigaji hawakosi wa kuwatunza. Mwamba ngoma hatajwi, ingawa sauti yote imelala juu ya kazi yake.

Mchunaji mzuri hutumia kisu kwenye mistari ya kufungulia tu, tumboni na upande wa ndani wa miguu. Baada ya hapo kazi ni ya ngumi: huipenyeza kati ya ngozi na nyama wakati mnyama bado ana joto, na utando unaachia wenyewe. Wanunuzi wa ngozi za viwandani nao hupanga madaraja kwa kigezo hicho hicho, na mikato ya kisu hushusha daraja upesi. Tofauti ni kwamba kiwandani ngozi yenye kasoro hupata bei ya chini, wakati kwenye ngoma haifai kabisa.

Sasa tuje kwenye maji, kwa sababu bila kuyaelewa maji ya Tandahimba mtu hawezi kuuelewa ufundi wenyewe. Uwanda wa Makonde, ilipo Tandahimba, mkoani Mtwara, umelala juu ya udongo wa kichanga wenye kina kirefu. Mvua yake ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi, na inaponyesha huzama chini, isiache mto wala kijito juu ya uwanda. Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig, aliyefika Masasi, Newala na Mahuta mwaka 1906 akiwa na fonografia na kamera ya sinema, alikuta watu wakiishi juu na kuteremka mabondeni kuteka maji. Mradi wa kusukuma maji kutoka Mitema ulianza miaka ya 1950, na hadi leo maji ya uwandani ni kitu cha kuhesabiwa kwa ndoo.

Weka hesabu hiyo kando ya hesabu ya kiwanda. Kugeuza ngozi mbichi kuwa ngozi laini ya viatu hutumia, kwa kiwango kinachotajwa sana viwandani, lita 30 hadi 40 kwa kila kilo ya ngozi. Ngozi mbichi ya mbuzi yenye kilo mbili itameza lita 60 hadi 80, yaani ndoo tatu au nne za lita 20. Kuwamba ngozi hiyo hiyo kwenye ngoma kunahitaji ndoo moja, na haijai. Wanaouita ufundi huu wa kienyeji, kwa maana ya kwamba waliokuwa nao hawakujua njia bora, wanakosea. Huu ndio ufundi wa ngozi unaolingana na mahali pasipo na maji, na kwa kazi ya sauti hakuna ngozi ya kiwandani inayoufikia.

Sababu iko ndani ya ngozi yenyewe. Ngozi mbichi ni msuko wa nyuzi za protini iitwayo kolajeni, na karibu theluthi mbili ya uzito wake ni maji. Maji yakitoka, nyuzi husogeleana na kugandana, na ngozi husinyaa na kuwa ngumu. Dawa za kiwandani, ziwe za magome ya miti au za chumvi ya kromiamu, hujipenyeza kati ya nyuzi na kuzizuia zisigandane tena, na ndiyo maana kiatu hubaki laini hata kikilowa na kukauka. Mwamba ngoma anataka kinyume chake. Anataka nyuzi zigandane, na zigandane zikiwa zimevutwa kila upande, ili kule kusinyaa kugeuke mvutano. Ngozi laini ya kiwandani ukiiwamba itatoa sauti ya mkoba.

Kutokana na hilo kuna onyo ambalo vijana wanaonunua ngozi kwa wachuuzi wanapaswa kulizingatia. Ngozi nyingi za biashara huhifadhiwa kwa chumvi, na kwa safari ya kwenda kiwandani hilo ni jambo jema. Kwenye ngoma chumvi ni adui. Huvuta unyevu wa hewa, na ngoma iliyowambwa kwa ngozi yenye chumvi hulegea kila jioni hata ikioteshwa moto mara ngapi. Kama hakuna nyingine, ioshwe na kubadilishiwa maji hadi ukiigusa kwa ulimi usisikie chumvi. Hapo tayari umemaliza ndoo mbili, ndiyo maana ni nafuu kuipata mbichi kijijini na kuianika mwenyewe.

Kuanika nako kuna namna yake. Ngozi itandazwe kwenye fremu ya miti, ivutwe kwa kamba bila kukazwa sana, ikae kivulini penye upepo. Juani, uso wa nje hukauka haraka na kufunga njia, ndani kukabaki na maji, na sehemu hiyo huoza kimyakimya. Ukija kuiloweka unaona malengelenge. Mafuta na vipande vya nyama vikwanguliwe kabla ya kuanika, maana mafuta yakibaki hupenya na kuacha madoa yasiyolia.

Siku ya kuwamba, ngozi kavu hulowekwa saa kadhaa au usiku mmoja, hadi ikunjike bila kukakamaa. Wengine huondoa manyoya kwa kuilaza kwenye maji ya majivu. Njia hiyo ni rahisi, lakini magadi ya majivu huzilegeza nyuzi, na ikizidi siku ngozi hupoteza nguvu. Naona ni bora kunyoa: ngozi iwambwe na manyoya yake, ikauke, kisha inyolewe taratibu kwa wembe au kipande cha chupa. Inachukua muda zaidi, lakini ngozi inabaki na nguvu zake zote.

Zamani ngozi za paa na wanyama wengine wa porini zilitumika pia, maana mbung'o waliwafanya ng'ombe kuwa adimu katika sehemu kubwa ya Kusini. Siku hizi mbuzi ndiye wa kutegemewa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kumiliki ngozi ya mnyama pori bila kibali, na mbuzi mzima mwenye afya anatosha kwa ngoma nyingi.

Mzinga wa ngoma uwe umekauka kabla ngozi haijaukaribia, na mdomo wake usiwe mkali. Ukingo mkali hukata ngozi kutoka chini, mahali ambapo jicho halioni. Usuguliwe kwa msasa hadi kidole kipite pande zote bila kukwama. Matundu ya mambo, yaani vijiti vya kushikilia ngozi, hutobolewa kwa chuma cha moto au kekee, vidole vitatu au vinne chini ya mdomo, yakiinama kidogo ili vichwa vya mambo vielekee chini na mvutano uzidi kuzishika. Mambo zichongwe kwa mti mgumu uliokauka. Mti mbichi husinyaa baada ya wiki na kuchomoka wenyewe.

Ngozi inalazwa mdomoni upande wa manyoya ukiwa juu, na mstari wa uti wa mgongo unapita katikati kabisa. Hilo si pambo. Ngozi ya mgongoni ni nene kuliko ya tumboni, na mstari ukienda kando, nusu moja ya ngoma inakuwa nzito kuliko nyingine, na sauti inakuwa mbili zinazogombana. Kisha inakuja hatua ambayo methali imeishika vizuri: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Watu huitumia kwa wabinafsi, lakini ni kosa la kweli la kazini. Fundi aliye peke yake, ngoma ikiwa mbele ya magoti yake, huvuta zaidi upande wake bila kujua. Dawa yake ni kupigilia kama nati za tairi la lori: mambo moja huku, inayofuata upande wa pili kabisa, kisha kulia, kisha kushoto, na hakuna inayozamishwa hadi mwisho kabla zote hazijashika. Msaidizi wa kushika upande wa pili ni bora zaidi. Ngozi ivutwe kwa mkono tu, makunyanzi yaishe. Anayeivuta kwa nguvu zake zote ikiwa imelowa anasahau kwamba kukauka kutaivuta tena, na ama itachanika kwenye matundu au itang'oa mambo.

Seti ya ngoma huwa na sauti tofauti, na majina hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji: likuti, ntoji, neya, na vinganga vidogo vinavyochomekwa ardhini na kupigwa kwa fimbo nyembamba. Mpangilio wa sauti unafuata kanuni inayopimika. Ukitaka kupandisha sauti oktava nzima kwa kukaza peke yake, mvutano lazima uwe mara nne, na ngozi nyingi hazifiki huko salama. Ukipunguza kipenyo cha mdomo kuwa nusu, mvutano na unene ukiwa vile vile, unaipata oktava hiyo hiyo bila kuitesa ngozi. Kwa hiyo ngoma ya sauti ya juu ichongwe ndogo na ivalishwe ngozi nyembamba ya mbuzi mdogo. Ngozi nene ya beberu ibaki kwenye ngoma kubwa. Wasikilizaji wa Radio Tanzania waliisikia kanuni hii kwa miaka mingi kabla ya taarifa ya habari, katika mapigo ya Mzee Morris Nyunyusa, kipofu aliyezipiga ngoma nyingi peke yake akizipanga zizungumze kama watu kadhaa. Ngoma zisizo na nafasi kati ya sauti zao haziwezi kufanya hivyo, hata mpigaji awe nani.

Kinachobaki ni moto, nao ndio zana ninayoiona kuwa ngumu kuliko zote. Jioni za Juni na Julai uwandani ni za baridi na upepo, na kuelekea alfajiri umande unashuka. Ngozi ikishavuta unyevu hulegea. Kuiotesha moto kunafukuza maji na kurudisha mvutano, ndiyo maana wapigaji hurudi motoni kila wanapopumzika. Lakini ngozi mbichi iliyolowa ina kikomo: kwenye nyuzijoto 60 hadi 65 nyuzi zake hujikunja ghafla na kuanza kugeuka gundi, na hazirudi tena. Ngozi kavu huvumilia joto zaidi. Kwa hiyo ngoma iliyonyeshewa isipelekwe motoni moja kwa moja. Ifutwe, ipate upepo kwanza, ndipo ioneshwe moto wa nyasi kavu kwa mbali, ikizungushwa na kugongwa kwa kidole ili sikio liamue. Kiganja kikishindwa kutulia juu ya ngozi, joto limezidi. Na ngoma iliyowambwa leo, ambayo bado ina maji, isiote moto kabisa kwa siku tatu au nne. Ngoma nyingi mpya huharibiwa na haraka hii, kwa sababu sherehe ni kesho.

Ngoma ikae juu ya uchaga wa jikoni, moshi uifikie. Moshi hufukuza wadudu wanaokula ngozi, na panya hawaipendi. Mafuta ya kupaka yaachwe.

Wapo wanaoniuliza kuhusu viatu na mikanda, kwa kuwa ngozi za mbuzi ni nyingi sikukuu zinapopita. Zana za kuanzia ni chache: kisu chembamba kinachonolewa kila mara, msharasi, sindano mbili na uzi mnene uliopitishwa kwenye nta. Sindano mbili zipite kwenye tundu moja kutoka pande tofauti; hapo uzi ukikatika upande mmoja, wa upande wa pili unabaki umeshika, jambo ambalo mshono wa cherehani hauwezi.

Shida ni dawa ya kulainishia, yaani ile tanini ya magome ya miti. Nchini kuna tanini ya magome ya miwati kutoka Njombe na kuna magome ya mikoko pwani, lakini Tandahimba ina yake: utando mwekundu unaobaki juu ya kiini cha korosho baada ya kubanguliwa una tanini nyingi. Sehemu kubwa ya korosho zinazopita kwenye minada ya TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, huondoka zikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, na utando huo huondoka nazo. Pale ambapo vikundi hubangua wenyewe, hutupwa. Anayetaka kuujaribu auchemshe, achuje, na aanze na maji mepesi, akiyaongeza ukali kila baada ya siku chache kwa wiki kadhaa. Akianza na maji makali, uso wa ngozi utajifunga na katikati itabaki mbichi. Akate pembe ndogo atazame, na kama kuna mstari mweupe ndani, bado. Asichanganye na ganda gumu la nje, ambalo mafuta yake huunguza mikono. Chombo kiwe cha plastiki, kwa sababu tanini ikigusa chuma ngozi hugeuka nyeusi. Mavuno ya korosho huwa Oktoba hadi Desemba, hivyo utando hupatikana Januari, wakati maji ya mvua ya bati nayo yapo, na zile ndoo nne hazitamnyima mtu maji ya kupikia.